Tairi Hununuliwa na Mmoja, Hupandwa na Wengi
Mazungumzo juu ya kuchagua tairi jipya la pikipiki

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakaazi wa Jang'ombe. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kitu ambacho kila siku tunakiona na aghalabu hatukitazami, nacho ni tairi la pikipiki. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja haifiki hata ukubwa wa kiganja. Juu ya viganja hivyo viwili, cha mbele na cha nyuma, hukaa chombo, dereva, abiria na mzigo. Breki ikishikwa ghafla pale mzunguko wa Amani, kinachosimamisha chombo ni viganja hivyo. Mvua ikinyesha na lami ikageuka kioo, kinachomzuia mtu asianguke ni viganja hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Sisemi kwamba wote hao waliuawa na matairi. Nasema kwamba katika mambo mengi yanayosababisha ajali, tairi ni miongoni mwa yale machache ambayo mtu anaweza kuyatengeneza kabla hajatoka nyumbani.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni hili. Tairi hununuliwa na mtu mmoja, lakini hupandwa na wengi. Mama anayewahi kliniki Mnazi Mmoja, mwanafunzi anayewahi skuli, mzee anayetoka sokoni Mwanakwerekwe na kikapu chake, hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa wakati tairi linanunuliwa. Kwa hivyo neno langu la leo ni moja: tairi lichaguliwe kwa kuuangalia mzigo litakaoubeba, si kwa kuangalia bei, unene wala sura yake.

Naomba kwanza tuelewane juu ya tairi lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kinachobeba mzigo ni mpira. Kinachobeba ni upepo. Mpira, nyuzi na waya zilizomo ndani ya tairi ni chombo cha kuuhifadhi upepo huo usitoke. Mskochi Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, wazo likasahauliwa, kisha John Boyd Dunlop akalifufua mjini Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu siku hizo hadi leo asili ya jambo haijabadilika. Tairi ni mfuko wa upepo, na kila mfuko una kiasi chake cha kubeba. Ukizidishiwa, hupata joto, nyuzi zake hulegea, na mwisho wake hupasuka.

Kiasi hicho kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tunakipita kwa sababu maandishi ni madogo na hatukufundishwa kuyasoma. Naomba leo tuyasome pamoja.

Pikipiki nyingi za bodaboda, zile za injini ya 100, 125 na 150, hutumia tairi la 2.75 mbele na 3.00 nyuma, juu ya rimu ya 17 au 18. Ubavuni utakuta maandishi kama haya: 3.00-17 50P. Namba ya kwanza, 3.00, ni upana wa tairi kwa inchi. Namba ya pili, 17, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hizi mbili kila fundi anazijua, na muuzaji atakuuliza hizo tu. Lakini zinazofuata ndizo zenye siri. Namba 50 si kilo 50 wala si upepo 50. Ni namba ya jedwali la kimataifa la uzito, na maana yake ni kwamba tairi hilo, likiwa na upepo wake kamili, linaweza kubeba kilo 190. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa lililoundiwa, nao ni kilomita 150 kwa saa. Herufi J ni kilomita 100 na L ni kilomita 120. Mwendo katika mitaa yetu hautufikishi huko, kwa hivyo herufi isitushughulishe sana. Kinachotuhusu ni namba ya uzito.

Nakuombeni muiandike mahali namba hii. Namba 41 ni kilo 145. Namba 45 ni kilo 165. Namba 47 ni kilo 175. Namba 50 ni kilo 190. Namba 52 ni kilo 200.

Sasa ingia dukani uitishe tairi la nyuma la 3.00-17. Unaweza kuwekewa mbele yako matairi mawili yenye kipimo hicho hicho. Moja limeandikwa 45P, la pili limeandikwa 50P na mara nyingi huwa na neno la kuonyesha kwamba limeongezwa nguvu, au alama ya 6PR badala ya 4PR. Yote mawili yataingia katika rimu yako. Yote mawili ni meusi, mapya na yanang'aa. Lakini moja linabeba kilo 165 na jengine kilo 190. Tofauti ni kilo 25, yaani gunia dogo la mchele. Asiyesoma ubavu atachukua la bei nafuu, na hatajua alichokikosa.

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Chukua pikipiki ya kilo 118. Karibu nusu ya uzito wake hukaa juu ya gurudumu la nyuma, tuseme kilo 60. Dereva wa kilo 70 hukaa katikati, na kiasi cha kilo 42 za uzito wake huenda nyuma. Abiria wa kilo 70 amekaa karibu juu ya gurudumu lenyewe, kwa hivyo kilo 65 zake zinalielemea. Kisha abiria ana gunia la mchele la kilo 25 limefungwa nyuma. Jumla ni kilo 192. Hii ni safari ya halali kabisa, dereva mmoja na abiria mmoja, inayofanyika kila siku kutoka Darajani hadi hapa kwetu. Tairi la namba 45 limeshazidiwa kwa kilo 27. Tairi la namba 50 nalo limepitwa kwa kilo 2. Anayebeba mizigo mara kwa mara yampasa atafute namba 50 kwa uchache, na kama rimu yake ni ya 18, basi 3.00-18 yenye namba 52.

Na je, mshikaki? Abiria wa pili wa kilo 70 akipakiwa nyuma ya wa kwanza, uzito wote wake huangukia gurudumu la nyuma. Tunapita kilo 260. Hakuna tairi la 3.00 katika haya niliyoyataja lililoundwa kwa uzito huo, liwe la bei gani. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hatalipanda tairi lile, wala yule anayemhimiza dereva apakie mmoja zaidi. Kwao mzigo ni usufi. Wanaoujua uzito wake ni tairi na abiria.

Baada ya uzito, tuangalie umri. Mpira huzeeka hata kama haujatembea. Jua na joto la dukani huukausha, na tairi lililotundikwa nje ya duka mwaka mzima linaweza kuonekana jipya ilhali limekwishakuwa gumu. Ubavuni, baada ya herufi DOT, utakuta tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kiduara. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021, yaani mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Watengenezaji wakubwa hushauri kwamba tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama kashata zake zimesimama. Ukilikuta dukani tairi lenye miaka mingi, au lenye nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, liache hapo hapo. Na lisilo na tarakimu yoyote ni sawa na dawa isiyo na tarehe.

Kuhusu matairi yaliyokwisha kutumika kwengine, neno langu ni fupi. Hujui lilibeba nini, lilipigwa na jiwe gani, wala lilikaa wapi. Hatari zaidi ni tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto ili lionekane lina kashata. Kuchonga hakuongezi mpira bali kunapunguza ule mdogo uliobaki, na nyuzi za ndani hubakia zimefunikwa na ngozi nyembamba tu. Ukiona mifereji ya tairi haina kina sawa, au haina vile vijitungi vidogo vya mpira vinavyoitwa alama za ukomo, vinavyoonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI, lishuku tairi hilo.

Sasa kashata. Vijana wengi hupenda kashata kubwa zenye nafasi pana, kwa kuamini kwamba zinauma barabara zaidi. Kwenye tope na mchanga, ni kweli. Kwenye lami ni kinyume, kwa sababu mpira unaogusa lami huwa kidogo, na breki ya ghafla humteleza dereva. Tuangalie wapi tunapopita. Bodaboda wa Jang'ombe hufanya kazi zaidi kwenye lami, kuelekea Kwahani, Mikunguni, Kilimani, Michenzani na Mwanakwerekwe, akikatisha katika vichochoro vya udongo na mawe kwa masafa mafupi. Huyu anahitaji tairi la barabarani lenye mifereji iliyo wazi, inayotoa maji nje. Anayekwenda mashamba kila siku, kwenye njia za mawe ya matumbawe yenye makali, anaweza kuchagua la mchanganyiko lenye ubavu mnene. Tairi la tope tupu halimfai hata mmoja wao.

Mifereji hiyo si pambo. Wakati wa masika, na tena wakati wa vuli, maji hutanda juu ya lami, na kazi ya mfereji ni kuyapitisha ili mpira ufike chini. Tairi kipara halina pa kuyapitisha, hivyo hupanda juu ya maji na chombo hakishikiki tena. Ongeza juu ya hilo kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani, na dakika zile za mwanzo ndizo zenye utelezi zaidi. Kwa hiyo wakati wa kubadilisha tairi ni Februari, kabla ya masika kuingia. Tahadhari kabla ya hatari.

Kuna desturi moja ambayo naomba ikome. Tairi la nyuma huisha upesi kuliko la mbele, kwa kuwa ndilo linalosukuma na ndilo linalobeba. Likiisha, hununuliwa jipya la nyuma, na la mbele husahauliwa mwaka hadi mwaka. Wengine huthubutu kulihamishia mbele lile lililochakaa nyuma. Ndugu zangu, breki inaposhikwa uzito wote hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. La nyuma likiteleza, dereva hodari huweza kujiokoa. La mbele likiteleza, wote wako chini kabla ya kutamka neno. Tena tairi la mbele lina umbo lake na mshale wake wa kuonyesha linapozungukia. Mshale usipinduliwe, na la nyuma lisivalishwe mbele.

Tairi zuri likifungwa vibaya hugeuka baya. Rimu za spoku huhitaji tyubu, na tyubu inunuliwe mpya pamoja na tairi, ya kipimo kile kile. Tyubu yenye viraka sita ndani ya tairi jipya ni kanzu mpya juu ya kidonda. Fundi aukague utepe wa rimu unaofunika vichwa vya spoku, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula chuma, na spoku yenye kutu huchomoza ikatoboa tyubu kwa ndani. Aangalie pia kwamba mdomo wa tyubu umesimama wima, haukulala upande. Na katika kilomita 100 za mwanzo dereva aende polepole, kwani tairi jipya huwa na utelezi juu yake mpaka likwaruzwe na barabara.

Kisha upepo. Kilo 190 nilizozitaja ni ahadi yenye sharti, na sharti lake ni upepo kamili. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, kitabu cha mtengenezaji hutaja PSI 25 hivi kwa mbele, na kati ya 28 na 32 kwa nyuma kulingana na abiria na mzigo. Asome kila mmoja kitabu cha chombo chake au karatasi iliyobandikwa juu yake. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa kulipiga teke wala kulibonyeza kwa kidole. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, hupata joto, na mara nyingi hupasukia masafani, kwenye jua la saa saba, katika barabara ya Paje au ya Nungwi. Vituo vyetu vya bodaboda vinaweza kununua geji moja ya pamoja. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya tairi.

Wenye vespa, ambazo zimekuwa sehemu ya mji huu kwa miaka mingi, nao wasijione wako nje ya mazungumzo. Nyingi ya vespa za zamani hutumia 3.50-10. Gurudumu lake dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa masafa yale yale, kwa hivyo huchakaa haraka, na shimo dogo kwa pikipiki ni shimo kubwa kwa vespa. Lile gurudumu la akiba lililofungwa ubavuni nalo lina umri, kwa hivyo tusome tarakimu zake.

Wako pia wenzetu wachache wenye pikipiki nzito za masafa marefu, zile ziitwazo kruza, zenye kiti cha chini, mpini mpana na uzito unaoweza kupita kilo 300. Kwao kanuni ni hiyo hiyo, isipokuwa gharama ya kuivunja ni kubwa zaidi. Kipimo kinachojulikana sana ni 130/90-16. Namba 130 ni upana kwa milimita, na 90 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo. Kipimo hiki kinapatikana kwa namba 67, yaani kilo 307, na kinapatikana kilichoongezwa nguvu kwa namba 73, yaani kilo 365. Chombo cha kilo 350, chenye watu wawili wa jumla ya kilo 150 na mikoba ya kilo 30, kinaweza kuliwekea gurudumu la nyuma zaidi ya kilo 320. La namba 67 limeshapitwa. Herufi iliyo kabla ya 16 nayo isomwe: R ni tairi lenye nyuzi zilizokatisha moja kwa moja, B ni lile la nyuzi za mshazari lenye mkanda. Aina hizi hazichanganywi, moja mbele na nyengine nyuma, ila kwa idhini ya mtengenezaji. Na kwa kuwa matairi haya si rahisi kupatikana hapa, mwenye chombo aagize mapema, asingoje mpaka la zamani liwe kipara ndipo akubali lolote lililoko dukani.

Nimefika kwenye swali ambalo najua linawakera vijana: pesa zitoke wapi? Hili nalichukulia kwa uzito. Bodaboda wengi hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri. Tajiri husema tairi ni juu ya dereva, kwa kuwa ndiye anayelimaliza. Dereva husema tairi ni juu ya tajiri, kwa kuwa chombo ni chake. Wakati wawili hao wanavutana, tairi kipara linaendelea kubeba watu. Anayelipa katika mvutano huo ni abiria, naye hana habari.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili liandikwe siku chombo kinapokabidhiwa: nani ananunua tairi, la namba gani, na libadilishwe likifika alama gani. Karatasi moja mbele ya sheha au ya mwenyekiti wa kituo inatosha. Na kila siku itengwe shilingi 500, kutoka kwa tajiri, kwa dereva au nusu kwa nusu. Kwa mwezi ni 15,000. Kwa miezi mitano ni 75,000. Haba na haba hujaza kibaba, na vituo vyetu vinaujua upatu vizuri kuliko mimi.

Wala isidhaniwe kwamba la bei ndogo ndilo linalookoa pesa. Tuseme tairi moja lauzwa 45,000 na hudumu miezi 6, na jengine lauzwa 70,000 na hudumu miezi 14. La kwanza linakugharimu shilingi 250 kwa siku, la pili kiasi cha 167. Kila mmoja aweke bei zake mwenyewe, aandike tarehe aliyolifunga tairi, kisha apige hesabu yake. Daftari hilo litamfundisha zaidi ya muuzaji yeyote. Na risiti ihifadhiwe. Tuna Taasisi ya Viwango Zanzibar, na tuna tume ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji. Mnunuzi aliyeuziwa bidhaa mbovu akiwa na risiti mkononi ana pa kuanzia. Asiye na risiti ana hadithi tu.

Limebaki tairi la zamani. Baraza letu linashughulika na mitaro na taka, na tairi kuukuu ni adui wa vyote viwili. Likitupwa mtaroni, hukamata mifuko na matawi, maji yakarudi majumbani mwetu. Likiachwa uani, hukusanya maji ya mvua, na mbu aenezaye homa ya dengue hupenda mno kutaga humo. Mayai yake huweza kuvumilia ukavu kwa miezi, yakangoja mvua nyengine. Likichomwa moto, moshi wake huingia vifuani mwa watoto wa mtaa mzima. Basi ukinunua jipya, muulize muuzaji au fundi kama atalichukua la zamani. Wako wanaolikata wakatengeneza katambuga na kamba. Ukilihifadhi, litoboe matundu upande wa chini na uliweke chini ya paa. Ukiliacha, wakabidhi wazoa taka lipelekwe jaani Kibele, si mtaroni.

Namalizia kwa abiria, kwa sababu ndiye niliyemtanguliza. Hukununua tairi lile, lakini una macho. Kabla hujapanda, inama kidogo utazame gurudumu la nyuma. Mifereji ipo au ni kipara? Ubavu una nyufa au uvimbe? Tairi limebonyea? Tayari kuna mtu mwengine amekaa? Ikiwa jawabu moja lakutia shaka, sema kwa adabu: "Mwanangu, sitapanda leo, badilisha tairi." Si matusi wala si kumharibia riziki. Abiria watatu wakisema hivyo asubuhi moja, tairi litabadilishwa kabla ya adhuhuri. Na wewe kijana unayeambiwa hivyo usikasirike, kwani roho anayoiogopea ni yake, na iliyotangulia mbele yake ni yako.

 Atakayependa kusomewa ubavu wa tairi la chombo chake na akiegeshe hapo nje, tulitazame pamoja.